Daktari Albert Cook wa Mengo na Kazi ya Kushona Majeraha

Katika watu waliofanya kazi ya utabibu katika nchi ya Uganda, jina la Daktari Albert Cook ni moja katika majina yanayotajwa kwanza. Wengi wetu tumelisikia kwa sababu ya Hospitali ya Mengo, ambayo yeye aliianzisha. Lakini tukiulizwa alifanya nini hasa kwa mikono yake, twajibu kwa ufupi kwamba alijenga hospitali, basi. Nimeona vema kuandika maisha yake kwa kufuata jambo moja tu, ambalo karibu kila msomaji wa gazeti hili amepata kuliona au kulionja mwilini mwake, yaani kufungwa kwa jeraha kwa sindano na uzi.

Nina sababu ya kuchagua jambo hili. Mimi ni mtoto wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo kando ya ziwa la jina hilo, kilomita zipatazo 60 kutoka hapa Mbarara. Wazazi wangu walitoka Kongo. Kwetu watu hulima kwa jembe na panga, hupasua kuni, hujenga nyumba zao wenyewe, na watoto hucheza mpira bila viatu. Kwa hiyo majeraha ni mengi, na maneno juu ya majeraha ni mengi zaidi. Wako wanaosema kwamba uzi ndio unaoponya. Wako wanaosema kwamba musawo asiyeshona ni mvivu, au anawadharau wakimbizi. Maisha ya Daktari Cook yatatusaidia kuona ukweli uko wapi.

Albert Ruskin Cook alizaliwa Hampstead, London, tarehe 22 Machi, 1870. Alisoma katika Chuo cha Trinity, Cambridge, akamaliza huko mwaka wa 1893. Kisha akaingia Hospitali ya St Bartholomew mjini London, na mwaka wa 1895 akapata shahada ya utabibu. Kijana mwenye elimu kama ile angeweza kukaa kwao, akafungua chumba cha kutibia watu wenye mali, akaishi kwa raha. Yeye akajiunga na wamisionari wa C.M.S., akaomba kupelekwa Uganda.

Kabla ya kumfuata njiani, yafaa tujue elimu aliyoichukua ilikuwa elimu gani. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya walijua kukata na kushona vizuri sana, na hata hivyo wagonjwa wao walikufa. Mtu alipasuliwa leo, akashonwa kwa ustadi, na baada ya siku chache jeraha likajaa usaha, homa ikapanda, akafa. Wengi walidhani kwamba hewa mbaya ndiyo iliyoharibu jeraha. Wengine waliona usaha kuwa ni dalili njema ya kupona.

Aliyebadili mambo hayo alikuwa daktari mwingine Mwingereza, Joseph Lister, aliyezaliwa mwaka wa 1827 na kufa mwaka wa 1912. Lister alisoma habari za Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyeonyesha kwamba vitu huoza kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Akafikiri kwamba kama ndivyo, basi hata jeraha huoza kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka wa 1865, mjini Glasgow, aliletewa mtoto wa miaka 11 aliyepitiwa na gurudumu la gari mguuni, mfupa umevunjika na ngozi imechanika. Kwa desturi ya siku zile mguu wa namna hiyo ulikatwa mara nyingi. Lister alifunika jeraha kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki, na baada ya wiki sita mtoto alikuwa amepona, mguu wake mzima. Mwaka wa 1867 Lister akaandika habari hizo ili madaktari wote wazisome. Baadaye akaonyesha pia kwamba uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo, ukilowekwa katika dawa, waweza kuachwa ndani ya mwili bila madhara, nao huyeyuka wenyewe.

Cook alipokuwa akisoma, mafundisho ya Lister yalikuwa yamekwisha enea katika hospitali za Uingereza. Kwa hiyo alipofunga mizigo yake kuja Afrika, hakuchukua sindano na nyuzi tu. Alichukua pia ile kanuni kwamba mikono, vyombo na jeraha lazima viwe safi.

Alifika Mombasa mwaka wa 1896, akiwa na umri wa miaka 26. Reli ilikuwa imeanza kujengwa mwaka ule ule, na haikufika ziwani mpaka mwaka wa 1901. Basi yeye na wenzake walikwenda bara kwa miguu, pamoja na wapagazi wengi, mwendo wa maili zipatazo 800. Katika msafara ule alikuwamo muuguzi mmoja, Bibi Katharine Timpson, ambaye tutamtaja tena. Walifika Mengo, mji wa Kabaka, mwezi wa Februari, 1897.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo nami, maana liko jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Tusidhani kwamba kabla ya Cook hapakuwa na mtu katika nchi hizi aliyejua kufunga jeraha. Mwaka wa 1879, yaani miaka 18 kabla ya Cook kufika, kijana mwingine wa C.M.S., Robert Felkin, alikuwa akisafiri katika nchi ya Bunyoro wakati wa Omukama Kabalega. Mahali paitwapo Kahura alimwona mpasuaji wa Kinyoro akimpasua tumbo mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mwanamke yule, mwenye umri wa miaka ipatayo 20, alinyweshwa pombe ya ndizi ili asisikie sana maumivu. Mpasuaji akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyo, kisha kwa maji. Akapasua, mtoto akatolewa akiwa hai, na damu ikazuiwa kwa chuma cha moto.

Kisha akafunga jeraha. Alileta kingo zake pamoja, akapitisha misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa, akaizungushia uzi uliotengenezwa kwa gome la mti, lile ambalo watu wa huku hutengenezea nguo. Juu yake akapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa, akafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto, akafunga kwa kitambaa. Kuanzia siku ya 3 misumari ilianza kutolewa, na kufika siku ya 6 ilikuwa imekwisha yote. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, mama na mtoto wote wazima. Felkin aliwaeleza madaktari wa Edinburgh habari hizo mwaka wa 1884, nao wakastaajabu. Kwa bahati mbaya jina la mpasuaji yule halikuandikwa. Sisi twajua jina la aliyetazama, lakini jina la aliyetenda halimo.

Nimelileta jambo hili si kwa kumpunguzia Cook heshima yake, bali kwa sababu kanuni ya Kahura na kanuni ya London ni moja. Angalieni: mikono ilioshwa, damu ikasimamishwa, kingo zikakutanishwa, zikashikwa mahali pake kwa siku chache, kisha vishikio vikaondolewa. Uzi hauponyi kitu. Mwili ndio unaojiponya wenyewe, nao uzi hushika tu pande mbili zisiachane mpaka nyama iungane, kama mtu anavyofunga kamba mlango uliobandikwa gundi, kisha akaifungua gundi inapokauka.

Hata leo kazi yenyewe hufanyika hivyo. Musawo huosha jeraha kwa maji mengi safi, huchoma dawa ya ganzi kando kando yake, hutazama ndani kama kuna jiwe, kijiti au mshipa uliokatika. Kisha hushika sindano iliyopinda kama mwezi mchanga kwa koleo dogo, huipitisha upande mmoja na kuitokeza upande wa pili kwa kina kile kile, hufunga fundo na kukata uzi. Kila mshono husimama peke yake, ili mmoja ukikatika mingine ibaki. Fundo halikazwi sana, maana likikazwa mno damu haipiti na nyama hufa. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, kwa kuwa uso hupona upesi na watu hawataki kovu. Za kichwani hutolewa baada ya siku 7 hivi, na za miguuni huweza kukaa siku 10 mpaka 14.

Turudi Mengo. Cook hakupewa muda wa kupumzika. Katika mwaka ule wa 1897 alifungua hospitali yake ya kwanza, nyumba ya matete na udongo iliyoezekwa nyasi. Mwezi wa Julai Kabaka Mwanga akaasi utawala wa Waingereza, na vita vikaanza. Mwezi wa Septemba askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza nao wakaasi, wakaja wakajifungia katika ngome ya Luba, huko Busoga. Cook akaenda na majeshi yaliyoizingira ngome ile, akawatibu majeruhi. Rafiki yake George Pilkington, aliyekuwa mtaalamu mkubwa wa lugha ya Kiganda, aliuawa pale mwezi wa Desemba. Mtu aliyefika Uganda bado hajatimiza mwaka mmoja alikuwa amekwisha kuona majeraha ya risasi na ya mikuki kuliko madaktari wengi wanavyoona maisha yao yote.

Majeraha ya vita yana somo lake. Kila mtu akiona nyama iliyofunguka hutamani ifungwe mara moja. Lakini jeraha la vita huwa limejaa udongo, vipande vya nguo na nyama iliyokufa. Katika Vita Kuu vya 1914 mpaka 1918 madaktari wa Ulaya waliona tena, kwa vifo vya askari wengi, kwamba majeraha ya namna hiyo hayafai kushonwa upesi. Walijifunza kukata nyama iliyokufa, kuosha, kuacha wazi, kisha kushona baada ya siku kadhaa jeraha likiwa safi. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na neno hilo lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha kushonea.

Nimeliona somo hili kwa macho yangu. Mwaka juzi wakati wa likizo, jirani yetu mmoja alijikata muundi kwa panga akifyeka shamba lake la mahindi. Nyumbani walimpaka majivu na unga wa kahawa, wakamfunga kitambaa. Siku ya tatu mguu ukavimba, tukampeleka kituo cha afya kwa pikipiki. Musawo, mama wa makamo, alimwosha kwa maji mengi mpaka majivu yote yakatoka, akakata nyama iliyooza, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda, akampa dawa, akafunga bandeji bila kushona. Shemeji ya yule jirani akakasirika sana. Alisema mbele za watu kwamba, kama mgonjwa angekuwa mwenyeji, angeshonwa, lakini kwa kuwa ni mkimbizi anaachwa na mguu wazi kama mnyama.

Mama yule hakujibu kwa ukali. Alimwita shemeji wetu karibu, akamwonyesha jeraha, akamweleza kwamba kulishona siku ile ni sawa na kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Akamwamuru mgonjwa arudi kila siku kusafishwa. Baada ya siku nne nyama ilikuwa nyekundu, haina usaha wala harufu, ndipo akashona nyuzi sita. Leo jirani yetu analima. Nami nikaona kwamba watu waweza kuchukiana na kutuhumiana kwa sababu tu hawajaelezwa kazi inavyofanyika. Jeraha la mguu lilipona kwa wiki tatu. Lakini kama mama yule asingeeleza, jeraha lile jingine la moyoni lingedumu miaka.

Sasa tuendelee na maisha ya Cook. Mwaka wa 1899 ndugu yake, Daktari Jack Cook, alikuja kumsaidia. Mwaka wa 1900 Albert alimwoa Bibi Katharine Timpson, yule muuguzi wa msafara. Katika mwaka wa 1901 ndugu hao wawili waliwatambua pale Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale katika Uganda, ugonjwa ambao baadaye uliwaua watu zaidi ya laki mbili kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka wa 1902 radi iliipiga hospitali, na kwa kuwa paa lilikuwa la nyasi, ikateketea. Ikajengwa nyingine ya matofali, na mwaka wa 1904 kazi ikaendelea ndani yake.

Cook alikuwa na desturi moja ambayo sisi wanafunzi yafaa tuiige. Aliandika habari za kila mgonjwa: alivyokuja, alivyofanyiwa, alivyoondoka. Maandiko hayo yaliwekwa vizuri mwaka baada ya mwaka. Miaka mingi baadaye, Daktari Denis Burkitt alipoeleza mwaka wa 1958 juu ya uvimbe wa taya unaowaua watoto, watu waliuliza kama ugonjwa ule ulikuwa mpya. Madaktari wakafungua maandiko ya zamani ya Mengo, wakaona kwamba watoto wenye uvimbe kama huo waliletwa hospitalini tangu miaka ya mwanzo. Mtu mwenye bidii ya kalamu huwajibu hata watu ambao hawajazaliwa.

Lakini lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kwamba Cook hakutaka sindano ibaki mikononi mwake peke yake. Siku zile walikuwako Wazungu wengi waliodhani kwamba Mwafrika aweza kuwa mfagiaji na mbeba machela tu hospitalini. Wakati wa Vita Kuu, Mengo ilipopokea majeruhi na wapagazi wagonjwa, Cook aliona wazi kwamba madaktari wachache kutoka ng'ambo hawatoshi. Akaanzisha mafunzo ya wasaidizi wa tabibu kwa vijana wa Kiafrika. Baada ya vita Bibi Cook akafungua shule ya wakunga pale Mengo, na mume na mke wakatunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda ili wanafunzi wasome kwa lugha yao. Mwaka wa 1924 mafunzo ya utabibu yalianzishwa Makerere, na wanafunzi wakafanyia kazi zao katika Hospitali ya Mulago. Shule hiyo ilikua mpaka ikawa ya madaktari kamili.

Si haki kumsifu mtu bila kusema upungufu wake. Cook aliamini, kama madaktari wengine wa serikali wa siku zile, kwamba kaswende ilikuwa imewaenea watu wengi mno katika Buganda, na akasema mambo mazito juu ya tabia za watu. Wachunguzi wa baadaye wamesema kwamba wengi wa wagonjwa wale huenda walikuwa na buba au ugonjwa mwingine unaofanana nayo, usioambukizwa kwa uasherati. Basi watu walilaumiwa kwa kosa ambalo wengi wao hawakulitenda. Tena yeye alifanya kazi chini ya utawala wa kigeni, na nguvu za utawala huo zilimfungulia milango mingi. Tukiyajua hayo, twaweza bado kuiheshimu kazi yake, lakini kwa macho yaliyofunguka.

Mwaka wa 1932 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Bibi Katharine alifariki mwaka wa 1938. Cook hakurudi kukaa kwao. Alibaki Kampala mpaka alipofariki tarehe 23 Aprili, 1951, mwenye umri wa miaka 81, akazikwa Namirembe. Maktaba ya madaktari ya Chuo Kikuu cha Makerere, pale Mulago, ina jina lake hata sasa.

Je, maisha hayo yanatuhusu nini sisi wa huku magharibi? Hapa Mbarara tuna hospitali kubwa ya rufaa, na tangu mwaka wa 1989 tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho wanafunzi wake wa udaktari hujifunza katika hospitali hiyo. Wanaoshona majeraha leo si wageni waliotembea maili 800. Ni wana na binti wa Ankole, Kigezi, Buganda na kwingineko. Nakivale ilipokea wakimbizi wa Rwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Watu wa lugha nyingi hukaa katika benchi moja kungoja zamu yao, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowasaidia kuelewana.

Nimewaza mara nyingi juu ya tofauti ya Cook na watu wa kwetu. Yeye alikuwa mgeni katika nchi hii, nasi tu wageni. Lakini yeye alikuja kwa hiari yake, akiwa na masanduku ya dawa na serikali nyuma yake. Wazazi wetu walikuja wakikimbia, wengine bila hata sufuria. Mgeni wa namna ya kwanza hutazamiwa kutoa, na mgeni wa namna ya pili hutazamiwa kupokea tu. Sipendi desturi hiyo. Mpasuaji wa Kahura hakuwa na shahada wala masanduku, na bado aliokoa watu wawili kwa siku moja kwa misumari saba na uzi wa gome. Mkono ukiwa safi na umefundishwa, jeraha haliulizi umetoka wapi.

Kwa hiyo nikijaliwa kufaulu mtihani wa mwisho, nitaomba nafasi ya kusomea utabibu hapa hapa Mbarara. Karo ni nzito kwa mtu wa kwetu, na baba ameniambia waziwazi kwamba ng'ombe wa kuuza hana. Hata hivyo nimemwambia kwamba nitaomba, na nikikosa mwaka huu nitaomba tena mwaka ujao. Kule nyumbani mama musawo mmoja hutazamia wagonjwa wengi kupita kiasi kwa siku moja, naye amekwisha kusema kwamba anatafuta vijana wa kumpokea sindano.

Wanafunzi wenzangu, katika kumaliza nawasihi mshike mambo haya machache. Mtu akijikata, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Lioshe kwa maji safi na sabuni. Usipake majivu, kahawa, wala mavi ya ng'ombe. Mpeleke kituoni siku ile ile, na umuulize musawo habari ya sindano ya pepopunda. Akishona, usizikate nyuzi mwenyewe kabla ya siku uliyopangiwa. Asiposhona, muulize sababu kwa adabu, na umsikilize anapoeleza.

Nanyi wazee wetu mliopita shuleni hapa, ambao wengine wenu sasa ni madaktari na matabibu, likizo zenu zikifika msisahau kwamba barabara ya Nakivale inapitika. Njoni siku mbili tatu mtusaidie, na mkija mchukue kijana mmoja asimame karibu nanyi, ashike taa, aone mnavyofunga fundo.